Mabehewa Thelathini na Mawili Mteremkoni

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mota zako zinazunguka. Sisi hatujambo. Mtoto ameota jino la pili na anamng'ata kila anayemwinua. Mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa tunaonana mezani kama watu. Baba yupo. Naandika "yupo" kwa kukosa neno jingine: anakula, anatembea hadi getini, anarudi.

Nina ombi. Nilipokuja kwako likizo ile ya kidato cha pili, ulikuwa na mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta yako nyeupe. Nataka kuujifunza. Nimeutafuta kila mahali. Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa zamani, na kijana wa duka la kompyuta alinicheka: "Dada, huo babu yangu angekusaidia, ila naye alishastaafu." Nimebaki na wewe.

Sitakuficha sababu. Unajua siku ile Baba aliposhuka na mabehewa thelathini na mawili ya mawe ya madini, akaiona ishara nyekundu mita mia sita mbele, akaipita. Mabehewa tisa yakalala, msaidizi wake akavunjika mguu. Mwanzoni Baba alisema alifunga breki palepale alipoiona ishara. Siku kadhaa baadaye akabadilisha maelezo, akaandika kwamba huenda alisinzia macho yakiwa wazi. Ni miaka kumi na moja sasa. Wote wamesahau, Shangazi, msaidizi mwenyewe anacheza mpira na wajukuu. Asiyemwamini Baba ni Baba. Hakubali kubaki na mtoto hata nikienda dukani hapo mbele. "Nitasinzia," ananiambia, saa nne ya asubuhi.

Nataka niushuke ule mteremko kwa mikono yangu, hata kama ni mchezoni. Najua hamjasemeshana miaka mingi. Sikuombi useme naye, nakuomba unifundishe.

Mwanao.

—

27 Februari

Binti wa kaka,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti. Wiki hii nimesuka upya nyaya za mota kumi na moja, na tisa kati ya hizo ziliharibiwa na watu wanaojiita mafundi. Mmoja amesuka nyuzi mia mbili na kumi mahali panapotaka mia mbili na arobaini, halafu anashangaa mota inaungua. Hesabu hana, ila kibao cha karakana anacho, tena cha rangi.

Mtoto mpe kitu kigumu cha kung'ata, aache watu.

Nimekufungia diski nne kwenye bahasha hii. Ni nakala, za kwangu haziendi popote. Sikiliza vizuri, kwa sababu ukikosea hakuna wa kumpigia simu. Walioutengeneza mchezo huu wametawanyika, na tovuti yao sasa inauza viatu.

Kwanza, usiuweke kwenye folda ambamo kompyuta yako huweka programu zote. Kompyuta za siku hizi zinailinda folda hiyo kama bi harusi, na mchezo utakatazwa kuandika hata jina lako. Utengenezee folda yake peke yake, kwa jina fupi lisilo na nafasi katikati. Kisha uiambie kompyuta ijifanye ya zamani, ipo sehemu ya kuchagua hivyo ukibofya kulia. Skrini ikiwa nyeusi, ngoja. Hesabu hadi arobaini. Watu wengi huzima ikifika ishirini na kusema mchezo umekufa.

Ukishafunguka, ifanyie nakala folda nzima kabla hujagusa chochote. Nasema nzima. Nilipoteza miezi minne ya kazi kwa faili moja lenye nukta mahali pasipotakiwa.

Usianze na treni ndefu. Chukua kichwa cha treni kitupu, njia fupi, mchana, bila mvua. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda. Simama mara hamsini kwenye jukwaa moja, na kila mara uandike umezidi mita ngapi au umepungukiwa ngapi. Ukishapata kumi mfululizo ndani ya mita tano, ongeza behewa moja. Breki ni ya upepo. Ukiifunga na kuifungua ovyo ovyo upepo unaisha, na ukiuhitaji haupo. Ukifungua, subiri ujae. Kwa mabehewa kumi, sekunde hamsini.

Utakuta abiria hawana nyuso. Ni mwanamke yuleyule mwenye mkoba mwekundu, amerudiwa mara thelathini kwenye jukwaa, na hakuna hata mmoja anayepanda. Usihangaike, mimi huwa nawasalimia. Mvua inanyesha bila kulowesha. Mawingu yana mshono upande wa kaskazini. Na ukiipita stesheni ya mwisho bila kusimama, reli inaisha, ardhi inaisha, na treni inaendelea tu ndani ya ubuluu, inashuka taratibu bila sauti. Mara ya kwanza niliogopa. Siku hizi nikichoka na watu naenda huko makusudi.

Nilitaka kuendesha ya kweli, hilo unalijua, au hukuambiwa? Nafasi ya chuo cha reli ilikuwa moja kwa kila nyumba ya mfanyakazi. Kwenye mtihani wa hesabu mimi nilipata tisini na sita, na mwenzangu wa nyumba hiyohiyo sitini na moja, ambazo nusu yake nilimfundisha mimi usiku wa kuamkia mtihani. Wakasema msichana atalala wapi njiani. Basi. Nilifagia karakana ya mtu miaka mitatu, na leo hiyo karakana ni yangu.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Shangazi yako.

—

23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mtoto sasa ana meno manne. Tumehamisha meza ya kompyuta hadi dirishani, na nikikaa pale mchana akiwa amelala nasikia nyumba nzima inapumua.

Nilihesabu hadi arobaini. Ikafunguka ilipofika thelathini na saba! Nilipiga kelele hadi Baba akaja kuuliza nani kaanguka.

Kusimama kumenitesa. Siku ya kwanza nilizidi mita mia na themanini, yule mwanamke wa mkoba mwekundu nikampita mara thelathini. Nimejaza kurasa sita za daftari. Juzi nimepata kumi mfululizo ndani ya mita tano, nikaongeza behewa, kisha mawili, kisha kumi. Shangazi, kuna ukungu wa asubuhi kwenye ile njia ya bonde ambao sijawahi kuuona mahali popote duniani. Unaingia humo, reli zinabaki mbili tu mbele yako kama nyuzi, na unasahau kwamba una mikono. Nikitoka, chai imepoa na nguo za mtoto bado ziko kwenye ndoo.

Kwenye diski ya nne nimekuta folda inayoitwa MTEREMKO. Hukuniambia. Ni njia ya kilomita tisa. Umeweka kibanda cha mshika ishara chenye paa jekundu, umeweka kona tatu, hata mtaro wa mawe aliokuwa akitusimulia Baba. Umeijenga wewe, nani mwingine?

Nimeishuka. Mabehewa thelathini na mawili yaliyojaa mawe hadi juu, mwendo wa kilomita thelathini kwa saa kama ilivyoandikwa kwenye amri ya safari aliyopewa Baba. Nikaiona ishara mita mia sita mbele, nikafunga breki. Ikasimama, Shangazi. Ikasimama zimebaki mita mia mbili na ishirini. Nimerudia mara nane.

Baba alipoingia nilizima skrini. Aliuliza, "Ulikuwa unaendesha nini?" Nikasema naandika barua.

Kwa hiyo ni kweli alisinzia? Au kuna kitu mwanafunzi kama mimi bado hakioni? Nijibu, tafadhali.

Mwanao.

—

9 Juni

Binti wa kaka,

Marahaba. Posta ilichelewa. Hapana, posta haikuchelewa. Barua yako nilikuwa nayo tangu tarehe pili Aprili.

Nimefanya kazi. Kiwanda cha maji kimeniletea pampu saba kwa mpigo. Mwanamke aliye kwenye dawati lao aliniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi, mama?" Nikamwambia amekwenda chooni, atarudi amevaa aproni hii hii niliyovaa. Goti nimelichoma sindano. Paa la jikoni linavuja sehemu mbili, ndoo moja inajaa kwa dakika tisa na nyingine kwa kumi na nne.

Kumi mfululizo katika mwezi mmoja si vibaya. Mimi ilinichukua wiki saba.

Umeuliza mwanafunzi hakioni kitu gani. Nakujibu kuhusu mchezo.

Kila anayeanza huamini picha. Anaona behewa limejaa mawe hadi juu, anasema ni zito. Mchezo hauangalii picha, Mwanangu. Picha ni ya kwako wewe, ya kukufurahisha macho. Mchezo unasoma faili. Kila behewa lina faili lake la maandishi, lifungue kama unavyofungua barua, na utafute mstari wa uzito. Wale waliochora mabehewa wengi wao walikuwa watu wa majumbani, walipenda kuchora. Walichora behewa tupu, wakaandika uzito wake, kisha wakachora lundo la mawe juu yake na kulipa jina jipya. Ule mstari hawakuugusa. Macho yanaona shehena, breki zinashika behewa tupu.

Hilo halijaandikwa kwenye kitabu cha mchezo. Anayelijua amelijua kwa kuumia.

Fungua faili. Uzito wa behewa kama yale, likijaa, ni tani sitini na mbili. Andika mwenyewe, uhifadhi, ushuke tena. Nakala uliyofanya mwanzoni usiiguse.

Sina la zaidi leo. Kuna mtu mlangoni ana feni.

Shangazi.

—

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Leo nakuomba uniruhusu nifupishe habari za nyumbani.

Nilifungua faili. Imeandikwa kumi na nane. Mara thelathini na mbili ni tani mia tano sabini na sita. Nikaandika sitini na mbili: tani elfu moja mia tisa themanini na nne. Nikashuka, nikafunga breki palepale, mita mia sita. Breki ilishika, nilisikia inavyolia, sindano ya mwendo ikateremka kidogo, kisha ikakaa. Treni haikuwa na haraka, ilikuwa inakwenda tu, kama mtu anayetembea usingizini. Ile ishara nyekundu ilinijia taratibu, ikanipita dirishani, nami nikiwa nimeshika breki hadi mwisho. Ilisimama mita mia saba na arobaini baada ya ishara. Nilibaki nimekaa, mikono juu ya kibodi, na nje ni jua kali, jirani anapiga pasi.

Nilipokuwa kwenye folda ile niliona kitu kingine. Kuna behewa la pili humo, picha ileile, na ndani yake tayari imeandikwa sitini na mbili. Faili zina tarehe, Shangazi, nimezitazama kwenye ile nakala ya mwanzoni. La kwanza lina miaka kumi na moja. La pili lina miaka mitano.

Nami nilikuficha jambo. Baba ana barua yako ya wakati ule, ameiweka ndani ya kitabu chake cha kazi. Niliisoma kabla sijakuandikia ile ya kwanza. Wakubwa walimpa siku kumi na nne alete hesabu za kuonyesha kwamba treni ile isingeweza kusimama. Akakuandikia wewe. Ukamjibu: "Nimeijaribu. Inasimama, zinabaki mita mia mbili na ishirini. Ulichelewa kufunga." Siku ya kumi akaandika kwamba alisinzia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kutoa na kujumlisha. Kumi na moja toa tano ni sita. Miaka sita hukujua, sawa, kila anayeanza huamini picha. Na hii mitano mingine?

Sijamwambia Baba. Ningeweza kumkalisha kwenye kiti hiki leo nikamwonyesha. Lakini nikimwambia mimi, atasema ni mtoto anampenda baba yake. Mtu ambaye Baba anamwamini kwa hesabu ni mmoja tu.

Mwanao.

—

30 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii nimeipitisha kwa binti yako, lakini ni yako. Hujambo? Mimi sijambo. Karakana ipo. Mwembamba yule aliyekuwa anatuuzia waya amefariki, labda ulisikia. Nyumba ya wazazi wetu wamepaka rangi ya kijani, mbaya sana.

Nimeanza barua hii mara kumi na tisa. Kwa hiyo naandika kama ninavyoandika kwa wateja.

Uliniuliza swali ukiwa na siku kumi na nne. Nilikujibu siku ya nne, nikaona fahari kwa ajili ya ile haraka. Mchezo nilikuwa nao miezi mitatu. Niliijenga njia yako kwa vipimo ulivyoniletea, kila kona, na hapo sikukosea. Mabehewa nikayachagua kwa macho. Yalikuwa na picha ya mawe. Sikufungua faili. Mimi, ninayewasema wenzangu kwa nyuzi thelathini tu zilizopungua, sikufungua faili.

Ndani paliandikwa tani kumi na nane. Wewe ulikuwa na sitini na mbili. Nilikupa jibu la treni tupu.

Kwa uzito wa kweli nimeishuka mara arobaini. Nimefunga breki mita mia sita, mia saba, mia tisa. Haisimami hata moja kabla ya ishara. Ile amri ya kilomita thelathini ilikuwa mbaya tangu mezani ilipoandikwa. Ni mchezo, najua, si ushahidi wa mahakamani. Lakini ni mchezo huohuo niliokuhukumu nao, na sasa unasema hivi: ulifunga breki mahali ulipofunga. Hukusinzia.

Nililijua hili mwaka wa sita, nilipokuwa natengeneza treni nyingine kabisa, ya kubeba mbao. Nilikaa kwenye kiti. Kisha nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nikajiambia njia ile imeshafungwa, kazi hawatakurudishia, nikikufumbua macho sasa nitakuumiza mara ya pili. Nikafanya behewa jipya lenye uzito sahihi, nikaliweka kwenye folda, nikafunga. Kila mwaka nilijiambia mwakani. Binti yako alipoomba diski, ningeweza kuitoa ile ya nne. Sikuitoa. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao.

Kuna jambo la mwisho, na hili halina namba. Siku ile nilipoona treni imesimama kabla ya ishara, kwamba kosa ni lako, sikuhuzunika. Nilifurahi. Kidogo tu, kwa muda wa kikombe cha chai. Niliwaza: kumbe kiti kile walimpa asiyestahili. Nimelibeba hilo kuliko hesabu yenyewe.

Sikuombi kitu. Rudia namba zangu mwenyewe, usiniamini tena bila kurudia.

Dada yako.

—

22 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nilimpa bahasha tukiwa mezani, akaisoma amesimama. Alipomaliza alikwenda kulifunga bomba uani ambalo halikuwa linavuja, akarudi, akasema, "Washa hilo dude lako."

Nilimpisha kiti. Hakuuliza funguo wala vitufe, alitazama mikono yangu mara moja tu. Alipotokea kona ya pili alisema, "Kibanda dada amekosea, mlango ulikuwa upande huu." Alishuka kwa kilomita kumi na mbili kwa saa, mwendo ambao angeuchagua mwenyewe kama asingepewa amri. Dakika arobaini na tano, Shangazi. Mtoto alitambaa hadi chini ya meza na kulala juu ya mguu wake. Mawingu yenye mshono yakapita, ukungu ukapita. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, na kwa muda sikujua kama ni chumba kinachotembea au ni bonde. Ishara nyekundu ilipotokea alifunga breki, na tukasimama kabla yake. Akaomba kalamu.

Ukurasa huu namwachia yeye.

Dada,

Shikamoo. Nimerudia namba zako mara tatu kwenye karatasi. Safari hii ni sahihi.

Ila kuna hesabu moja hukuiweka. Wewe ulikuwa na miezi mitatu mchezoni, mimi nilikuwa na miaka thelathini kazini. Mkono wangu ulijua umefunga wapi. Niliuacha mkono wangu nikaishika barua yako, kwa sababu tangu darasa la tatu sijawahi kukuona unakosea. Sehemu hiyo ni yangu, usiibebe.

Nimeogopa kusinzia miaka kumi na moja. Jana mchana nimelala kwenye kiti kwa makusudi, saa nzima na nusu. Waliniamsha kwa chakula.

Ile miaka sita nimeshakusamehe, mwanafunzi ni mwanafunzi. Hii mitano, na kile kikombe chako cha chai, bado. Nimekasirika sana, na sijui hasira zitaisha lini. Lakini wewe una sitini na sita na mimi sitini na nne, piga mwenyewe hesabu ya miaka iliyobaki. Njoo nikiwa bado na hasira.